Hodi Langoni

Mlango ni sehemu ndogo ya nyumba, lakini tabia ya nyumba nzima hujulikana hapo. Mgeni hajaona kitanda, hajaonja chakula, wala hajasikia mazungumzo ya ndani; alichokutana nacho ni kizingiti na sauti ya mwenyeji tu. Akipokewa kwa murua, hata uji mwepesi humwia mtamu. Akipokewa kwa karipio, hata pilau humkwama kooni. Kwa sababu hiyo watu wetu hawakuliacha jambo la kuingia lijiendee ovyo. Walilitungia neno la kuombea ruhusa, nalo ni hodi, na neno la kutolea ruhusa, nalo ni karibu. Maneno haya mawili ni mapacha. Asemaye la kwanza hukiri kwamba nyumba si yake. Ajibuye la pili hukiri kwamba nyumba haikujengwa kwa ajili yake peke yake.

Nyumba isiyo na mlango ni njia, na nyumba ambayo mlango wake haufunguki ni gereza. Hekima imo kati ya mambo hayo mawili. Wafugaji wa Mara waliijua hekima hiyo zamani. Boma la ng'ombe lilizungushiwa miiba likaachiwa lango moja, na jioni mzee alisimama hapo akawatazama ng'ombe wakipita mmoja mmoja. Hakuwa akiwazuia wasiingie kwao, alikuwa akiwatambua. Kuhesabu kwake kulikuwa namna ya kutunza. Siku hizi malango makubwa yana vibanda, vizuizi, madirisha ya malipo na askari, na watu wengi huyaona kuwa ni udhia uliowekwa kati yao na furaha yao. Safari moja ya wanafunzi wa Musoma yaweza kuonyesha kwamba langoni pana jambo kubwa kuliko udhia.

Mkoa wa Mara una nyumba mbili zipokeazo wageni kutoka mbali. Ya kwanza ni Butiama, alikozaliwa na alikozikwa Mwalimu Julius Kambarage Nyerere. Ya pili ni Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, iliyotangazwa mwaka 1951, ikatiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, na yenye eneo la kilomita za mraba 14,763. Mtu atokaye Musoma kwa barabara kuu ya Mwanza hupita Bunda, na kusini ya mji huo hulikuta lango la Ndabaka, ambalo ni mlango wa Serengeti wa upande wa magharibi. Mwalimu mmoja wa Kiswahili, mama wa makamo, aliazimu kuwapeleka wanafunzi wake katika nyumba zote mbili kwa siku moja. Asubuhi wangekwenda Butiama, mchana wangeingia Ndabaka, jioni wangerudi.

Matayarisho ya safari yalichukua muhula mzima. Wanafunzi walichanga shilingi kidogo kidogo. Mwalimu aliandika barua ya shule, akapanga orodha ya majina, akaomba namba ya malipo ya serikali, akalipa mapema, akaitunza stakabadhi ndani ya kitabu. Mwanafunzi mmoja tu hakuchanga. Kwao ni katika moja ya vijiji vya Bunda vilivyo jirani na mpaka wa hifadhi, na Musoma alikuwa akikaa kwa shangazi yake. Mwalimu alipomwuliza sababu, alijibu kwa adabu lakini bila kuficha.

"Mwalimu, wanyama wale mimi nawafahamu. Hutujia nyumbani bila kulipa. Kwa nini nilipe niwafuate kwao?"

Darasa zima lilicheka. Mwalimu hakucheka. Alijua kwamba katika vijiji vile tembo hutoka usiku, huingia katika mahindi na mtama, na kazi ya mwaka humalizika kabla ya jogoo kuwika. Watu hukesha wakipiga madebe, hufunga kamba zilizopakwa pilipili, hutundika mizinga ya nyuki mpakani kwa kuwa tembo huogopa nyuki, na bado hupatikana asubuhi ambayo shamba limebaki mabua yaliyolala. Mwalimu hakuwa na jibu la kumpa kijana. Alimwambia tu, "Fikiri, mwanangu. Nafasi yako ipo." Siku mbili kabla ya safari kijana alileta fedha, mwalimu akazipokea kwa furaha akazitia mkobani. Katika furaha hiyo alisahau kuongeza jina moja katika orodha na malipo ya mtu mmoja katika hesabu. Kosa lilikuwa dogo kama tundu la sindano, lakini uzi wote wa safari ulikuwa upite hapo.

Walitoka Musoma alfajiri ya siku moja ya Julai, ziwa likiwa bado jeusi. Mwalimu aliwakumbusha kwamba njia waliyokuwa wakiifuata kwa basi ndiyo Nyerere aliyoifuata kwa miguu, upande wa kinyume, mwaka 1934, alipokwenda kuanza shule ya Mwisenge pale Musoma akiwa na umri wa miaka 12, mwendo usemwao kuwa wa maili 26 hivi. Mtoto wa Burito, mtemi wa Wazanaki, naye alifika katika mlango wa watu wengine akapiga hodi. Kama asingefunguliwa, historia ya nchi hii ingeandikwa kwa wino mwingine.

Butiama waliegesha basi kivulini wakaingia katika makumbusho yanayoitwa kwa jina la Mwalimu, yaliyofunguliwa mwaka 1999, mwaka ule ule alioaga dunia. Kuingia kwao hakukuwa kugumu. Walitoa kiingilio, wakasalimu, wakasalimiwa, wakatia majina yao katika kitabu cha wageni. Ndani waliona picha, vitu vya matumizi yake, na zawadi alizotunukiwa na watu wa mataifa mengi. Mwalimu wao aliwaeleza habari za tafsiri zake mbili za michezo ya Shakespeare, wala hakusahau kutaja kwamba *Mapebari wa Venisi* ilitoka mwaka 1969, wakati mtafsiri akiwa na nchi nzima ya kuendesha. Kisha walikwenda Mwitongo, penye makazi ya ukoo wake, wakasimama mbele ya kaburi. Nyerere alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa hapo tarehe 23 ya mwezi huo.

Mbele ya kaburi lile mwalimu alisema neno moja lililofunga nyumba ya asubuhi na nyumba ya mchana. Aliwaambia kwamba mwezi Septemba 1961, miezi mitatu kabla ya Uhuru, Nyerere alitoa tamko huko Arusha juu ya wanyama pori na mapori wanamoishi. Katika tamko hilo aliahidi kwamba nchi itakayozaliwa itawatunza wanyama hao kama amana kwa ajili ya wajukuu wa watu wake. "Ninyi ndio wajukuu wenyewe," aliwaambia. Kijana wa Bunda aliinua uso akamtazama, kama mtu aliyesikia jina lake likisomwa katika wosia asioutarajia.

Safari ya kwenda Bunda ilikuwa ya nyimbo. Walipouacha mji ule nyuma yao, kijana aliwaonyesha wenzake vilima vya upande wa mashariki, akawaambia, "Kwetu kule." Mmoja aliuliza kama ni kweli serikali huwalipa. Akajibu kwamba yapo malipo kwa mujibu wa kanuni. Kwa mazao yaliyoharibiwa huitwa kifuta jasho. Kwa mtu aliyejeruhiwa au kuuawa huitwa kifuta machozi. Hakusema zaidi, na majina yale hayakuhitaji maelezo. Aliyeyabuni alikuwa mkweli, kwa maana hakuyaita fidia. Kitambaa hufuta jasho, lakini hakirudishi nguvu iliyolitoa. Hufuta machozi, lakini hakimrudishi aliyeliliwa.

Walifika Ndabaka jua likiwa utosini. Dereva, mzee mwenye mvi na subira, aliegesha basi pembeni mwa magari mengine, akachukua karatasi zake, kwa kuwa ushuru wa gari katika hifadhi hukadiriwa kwa uzito wake. Mwalimu alikwenda dirishani na barua, orodha na stakabadhi. Palikuwa na magari ya wageni wa ng'ambo yaliyotangulia. Mgeni wa nje hulipa kwa dola na hulipa zaidi sana. Raia hulipa kwa shilingi. Mtoto asiyetimiza miaka 5 hupita bure. Lakini mbele ya lango wote walisimama katika mstari mmoja, chini ya jua moja. Mwenye dola hakupewa kivuli kirefu kuliko mwenye shilingi.

Askari wa hifadhi alipanda basini akawaagiza watoe mifuko ya plastiki, ambayo imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019. Wachache waliokuwa nayo waliisalimisha kwa aibu. Kisha akaeleza masharti. Lango hufunguliwa saa 12 asubuhi na hufungwa saa 12 jioni. Gari halizidishi mwendo wa kilomita 50 kwa saa, halitoki njiani, halipigi honi. Mtu hashuki mahali pasiporuhusiwa, hatupi taka, hampi mnyama chakula. Alipokwisha, alianza kuhesabu vichwa. Alihesabu mara moja, akatazama karatasi. Akahesabu mara ya pili, akamtazama mwalimu.

"Mama, karatasi inasema 41. Macho yanasema 42."

Hapo mwalimu alikumbuka. Alifungua mkoba, akaziona zile noti zimekunjwa kama alivyozipokea. Aliungama kosa lake mbele ya wanafunzi wake, jambo ambalo si jepesi kwa mwalimu. Askari alimsikiliza kwa upole, lakini hakulegea. Malipo hayapokelewi kwa fedha taslimu mkononi. Sharti ipatikane namba nyingine na malipo yapite kwa njia ya benki au simu. Na siku hiyo mtandao wa simu ulikuwa ukija na kuondoka kama upepo wa ziwani.

Zikapita dakika 10, kisha 20, kisha 40. Basini pakazuka minong'ono. Kila dakika iliyopita ilikuwa imekatwa katika muda wao wa kuwa ndani, na muda huo waliuchangia muhula mzima. Mmoja alipendekeza kwamba kijana abaki langoni hadi watakaporudi. Mwingine alimsogelea mwalimu akamnong'oneza, "Mwalimu, si tumpe askari chochote cha chai, tupite?"

Mwalimu alimjibu kwa sauti ambayo wote waliisikia. "Chai ya namna hiyo hunywewa na watu wawili na hulipwa na nchi nzima. Sisi tumekosea, na tungoje."

Kijana wa Bunda alisimama, akachukua mfuko wake wa nguo. "Niacheni hapa," alisema. "Mimi nimezoea kuwa nje ya mpaka."

Maneno hayo yalikuwa mafupi, lakini yalikata. Yule aliyependekeza kwamba kijana aachwe aliinamisha kichwa. Mzee dereva ndiye aliyevunja kimya. "Kaa kitini, mjukuu wangu," alisema. "Nimetoka Musoma na watu 42, sitaingia na 41." Kisha alitoa simu yake, iliyokuwa ya mtandao mwingine, akampa mwalimu. Wakati huo huo ngedere mmoja alirukia dirisha lililokuwa wazi, akanyakua chapati ya mtu, akapanda nayo juu ya mti. Kijana alimtazama akasema, "Na huyo, jina lake limo katika orodha?" Basi zima liliangua kicheko, naye akacheka pamoja nao kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Malipo yalipokuwa yakingojewa, askari alimwita kijana kando akamwambia, "Usidhani nakufanyia ukorofi. Kama nikikuacha uingie bila kuandikwa, ukapotea ndani, nitakutafuta kwa jina gani?" Kisha akamwuliza kwao ni wapi. Kijana alikitaja kijiji chake. Askari alikaa kimya kidogo.

"Nimelala huko mara nyingi," alisema, "tukiwarudisha tembo."

"Baba naye hulala huko huko shambani," kijana akajibu. "Msimu mzima."

"Basi huenda tumekwisha kuota moto mmoja."

Hawakuzungumza zaidi. Ujumbe wa malipo uliingia, jina la arobaini na mbili likaandikwa kwa kalamu chini ya mengine, na kizuizi kikainuliwa. Askari aliwaambia wote, "Karibuni." Lakini alipolisema neno hilo alikuwa akimtazama mmoja.

Ndani waliona nyumbu wengi, pundamilia, na mamba waliolala kando ya mto Grumeti kama magogo yaliyosahauliwa. Walipokuwa wakigeuka ili kurejea, dereva alizima injini. Tembo jike alikuwa akivuka njia pamoja na mwanawe, ambaye alikuwa bado hajui la kufanya na mkonga wake. Walipita polepole, bila hofu na bila ghadhabu, wakaingia katika miti. Kijana wa Bunda alikuwa amekutana na tembo mara nyingi, lakini daima usiku, daima kwa moshi na makelele, kila upande ukiwa na woga wake. Hakuwahi kumwona mchana, akiwa ametulia mahali pake. Aliwatazama hadi walipotoweka.

"Kumbe naye ana kwao," alisema.

Mwenziwe alimwuliza kama sasa amewasamehe. Akatikisa kichwa. "Nimesema ana kwao. Na akae kwao."

Jibu hilo lina haki ndani yake, na lastahili kufikiriwa na kila atungaye sheria za malango. Mpaka wa hifadhi haukushuka kutoka mbinguni. Uliandikwa na watu, na mwaka 1959 ulichorwa upya, Ngorongoro ikatengwa na Serengeti, na Wamasai waliokuwa wakiishi upande wa Serengeti wakahamishwa. Kila lango la namna hii limesimama mahali ambapo zamani palikuwa na nyayo za mtu. Hiyo si sababu ya kuling'oa. Likiondolewa, yaingiayo baada yake ni mtego, bunduki na shoka, na wajukuu waliotajwa katika tamko la 1961 watarithi picha. Lakini ni sababu ya kukumbuka kwamba walindao amana hii ni wengi kuliko wavaao sare. Mkulima akeshaye kwa debe, asimwue tembo aliyemla chakula chake, naye ni mlinzi wa Serengeti, na ujira wake ni mdogo kuliko wote.

Lango jema, basi, hutaka mambo kwa pande mbili. Kwa mgeni hutaka ukweli, maandalizi na subira. Ajue idadi ya watu wake, alipe kilicho halali, asitafute tundu la pembeni, wala asione kuhesabiwa kuwa ni kutukanwa. Kwa mwenyeji hutaka uadilifu na upole, sheria isiyopindika na uso usiokunjwa, kama alivyoonyesha askari yule. Baada ya pande hizo mbili yupo mtu wa tatu, ambaye hasimami katika mstari wowote. Ni jirani. Yeye haji langoni. Lango ndilo lililomjia. Akiona magari ya wageni yakipita mwaka hadi mwaka, na yeye hajapata kuingia hata mara moja, ataishi akimjua mnyama kwa sura ya mwizi tu. Watoto wa vijiji vya mpakani wangestahili kuwa wa kwanza kuambiwa karibu, kwa maana wazazi wao hupokea wageni wasiopiga hodi.

Basi lilirejea Ndabaka ikiwa imebaki robo saa kufika saa 12. Askari alihesabu tena vichwa, akapata 42, akatia alama katika karatasi, akawaaga. Wanafunzi wengi walikuwa wamesinzia kabla ya Bunda. Kijana hakusinzia. Giza lilipoingia, alifungua dirisha akatazama upande wa vilima, ambako mioto midogo ilikuwa imeanza kuwaka pembeni mwa mashamba, mmoja baada ya mwingine. Alimgusa mwenziwe aliyeketi kando yake, akamwonyesha.

"Ile," alisema, "ndiyo zamu ya usiku."